Aurelia Alivyomwachia Polikarp

"*Salta*," Aurelia alisema.

Polikarp akaachia kamba. Ndoo iliyokuwa ikining'inia kwenye boriti ya banda ikashuka na maji yake yote, yakamlowesha kuanzia magotini hadi kwenye kandambili. Majirani wa mtaa wa Msamala waliokuwa wakichungulia uani kwa Mzee Pankrasi, baba yake Aurelia, walicheka mpaka wakashikana mabega.

"Nimekuambia uruke," Aurelia alisema. "Kuachia ni *suelta*. Umeruka saa ngapi?"

"Yanafanana mno, dada Aurelia."

"Hata mimi na mdogo wangu Renatha tunafanana. Ukimposa yeye ukidhani ni mimi, utamweleza nini baba?"

Polikarp akainama kuokota ndoo, maana uso ulikuwa umemwiva.

Alikuwa kijana wa Madaba, fundi msaidizi kwenye mradi wa visima ulioletwa na Wahispania. Injinia wao, Ramón, alitafuta mtu wa kumpeleka kwao miaka miwili akajifunze kuendesha mtambo wa kuchimbia, arudi awe fundi mkuu. Sharti likawa lugha. Na mtu aliyejua Kihispania pale mjini Songea alikuwa Aurelia. Serikali ilimpeleka Kuba kusomea mifugo, akarudi akakuta ranchi zinauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Mwingine angejifungia ndani akilaani soko huria. Yeye alitandika turubai sokoni, akamwaga magauni ya mitumba, akaita wateja kama aliyezaliwa pale. Jioni alimfundisha Polikarp, na Polikarp hakuwa amewahi kuona mwanamke wa namna hiyo.

Hakumruhusu kushika kalamu. Alisema neno lisiloingia mwilini litamkimbia siku ya hatari. Kwa hiyo alimtwika gunia la mahindi begani ndipo akamfundisha *hombro*, bega. Ugali ukiiva, hali mtu mpaka ataje njaa, *hambre*. Akikosea akasema *hombre*, mwanamume, sahani inarudi jikoni. Aliporudi kwake baadhi ya jioni hizo, Polikarp alikuwa na njaa na amependa vibaya sana.

Injinia alipokuja kuuliza maendeleo, Aurelia alijibu neno moja: bado. Nafasi ikasogezwa hadi mavuno, na baada ya hapo ingekwenda kwa kijana wa Njombe. Habari zikamfikia Polikarp kupitia kwa Remmy, mwenzake kazini, ambaye alizitia na chumvi yake: kwamba mwanamke akishakupenda hakupi nauli ya kuondoka.

Polikarp hakupiga hodi. Alimkuta Aurelia akikunja magauni.

"Umeninyima safari."

"Nimekunyima."

"Kwa sababu gani? Niambie mwenyewe, nisisikie kwa Remmy."

Aurelia akaweka gauni chini. "Juzi nimekuambia uruke, ukaachia kamba. Kule si ndoo, Polikarp. Ni vyuma vyenye uzito wa nyumba. Msimamizi atapiga kelele mara moja tu, na wewe utasimama unakumbuka, hili ni ruka au ni achia? Nikuruhusu uende, uletwe kwangu kwenye sanduku?"

"Remmy anasema unanizuia kwa sababu..."

"Anasema kweli kwamba nakupenda. Hapo hajakosea. Ila ningekuwa mtu wa kukuzuia, nisingekufundisha kabisa."

Polikarp alikaa juu ya robota la mitumba akaomba somo la siku ile.

Tangu hapo alijifunza kama mtu anayedaiwa roho yake. Aurelia alimshtukiza sokoni, njiani, hata nje ya kanisa baada ya misa. Akisema *pisa*, Polikarp anakanyaga. Akisema *pasa*, anapita. Watu wakadhani wamechanganyikiwa wote wawili. Mahindi yakakauka mashambani, na Injinia akarudi.

Safari hii aliuliza mbele ya mafundi wote. Polikarp alimtazama Aurelia, akajua kwamba neno moja tu la huyu mwanamke lingembakiza Songea, pembeni yake, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Yuko tayari," Aurelia alisema kwa lugha zote mbili.

Jioni ile Polikarp alifanya jambo ambalo mtoto aliyelelewa vizuri halifanyi. Alikwenda kuposa mwenyewe, bila mshenga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Mzee Pankrasi alimsikiliza hadi mwisho, akakunja uso. "Ukoo wako wote umekosa mtu wa kukusemea?"

"Wapo, baba, na watakuja kama inavyotakiwa. Lakini kwa Injinia nimesemewa na binti yako. Nimeona hapa kwako nikijificha tena nyuma ya mtu, sitakuwa nastahili."

Mzee akamwita Aurelia.

"Huyu anaondoka mwenzio. Miaka miwili, nchi ya watu. Na wewe ndiye uliyempa ruhusa kwa kinywa chako. Mimi nimeelewa kwamba humtaki."

Aurelia alipiga magoti mbele ya baba yake.

"Baba, kumwachia mtu na kutomtaka vinafanana kwa mtu anayetazama kutoka nje. Mimi niko ndani. Nimemwachia kwa sababu namtaka, na namtaka akiwa mzima, akiwa na kazi yake, akiwa ameona alichotamani kuona. Akirudi, atakuwa amerudi kwa kupenda."

Polikarp alijikuta analia mbele ya baba mkwe mtarajiwa, jambo lingine ambalo halifanyiki.

Mzee Pankrasi alivuta kiti karibu na mlango, akakaa, akamtazama binti yake kwa muda kama anayemwona akishuka kwenye ndege ya Kuba kwa mara ya pili.

"Basi wazee wa Madaba waje kesho," alisema. "Padre aanze kutangaza ndoa Jumapili hii. Mwanangu hawezi kumsindikiza stendi mtu ambaye si mume wake."