Mashudu ya Mama Patrisi

Ndugu zangu, asubuhi za huku kwetu Karatu zina ukungu, na mwaka ule ukungu ulinukia mafuta ya alizeti. Wanawake watano walipata mkopo wa halmashauri, ule usio na riba, wakanunuliwa mashine ya kukamua. Ikawekwa nyumbani kwa jirani yangu Laurencia, mama Patrisi, mwenyekiti wao. Nikienda misa ya asubuhi naisikia ikinguruma, nasema, asante Mungu, nyumba hii imeinuka.

Lakini mafunzo ya biashara yaliyoambatana na mkopo huo yaliangukia siku ya mnada. Wanakikundi wakakaa mpaka chai, kisha mmoja mmoja akaaga. Mama Patrisi alikuwa na kuku wa kuuza. Aliyebaki mpaka mwisho ni Kuluthumu peke yake, mwenye duka la khanga mjini.

"Walimu wamesema tuuze mashudu, haya yanayobaki tukishakamua," Kuluthumu alimwambia mama Patrisi kesho yake. "Mafuta yanatulisha sisi, mashudu yanailisha mashine."

"Makapi hayo, dada. Ninyi watu wa dukani mtauza hata kivuli."

Wakacheka, ikaishia hapo.

Mnajua kwetu ndugu hatajiwi bei. Shemeji wa mama Patrisi, Inosenti, mdogo wa mumewe, alikuja na punda kila wakimaliza kukamua, akabeba mashudu yote bure. Ana ng'ombe mmoja tu. Nikamuuliza, ng'ombe gani anamaliza magunia hayo?

"Mama, huyu anakula kama ametoka kufunga Kwaresima," akanijibu.

Kiangazi kilipofika, shafti ya mashine, kile chuma kinachoizungusha, ikakatika. Akiba ya kununulia nyingine haikuwepo, na marejesho ya mkopo yakasimama. Afisa maendeleo akawaonya: msipoifufua kabla ya mavuno, inakwenda kwa kikundi kingine. Mama Patrisi akaswaga mbuzi wake wawili kwenda kuuza mnadani, Kuluthumu akamsindikiza.

Huko wakamkuta Inosenti ameketi juu ya magunia ya mashudu, anamuuzia Parsimei, mfugaji kutoka Ngorongoro.

"Shemeji, hayo ni ya kikundi," mama Patrisi akasema.

"Si ulinipa mwenyewe? Tena ukayaita makapi."

Parsimei akamtazama mama yule kwa huruma. "Kumbe yanatoka kwako? Mama, mimi nanunua tangu mvua zilipokatika. Ungeniambia, ningekuja mpaka mlangoni."

Mama Patrisi akauza mbuzi wake, lakini hawakutosha hata nusu ya shafti. Wazee wa ukoo walipomwita Inosenti arudishe chochote, alionyesha paa la nyumba yake mpya. "Mashudu yameshakuwa bati," akasema. Na kweli, hakuiba. Alipewa.

Mavuno yakafika. Gari likaja, mashine ikapakiwa, ikaenda kijiji cha pili. Mama Patrisi alifagia pale ilipokuwa, akafagia tena, ingawa palishakuwa safi.

Msimu uliofuata tulikwenda naye huko kukamua alizeti yake. Alilipa kama mteja yeyote, akaketi kuitazama mashine aliyokuwa akiifuta kwa khanga yake. Binti wa kikundi kile akamuuliza, "Mama, mashudu unatuachia?"

"Nabeba," akasema, akajitwisha.

Njiani tukakutana na Inosenti na punda wake. "Shemeji, umechoka. Lete nikubebee mpaka kwangu."

"Utanunua, shemeji," mama Patrisi akajibu bila kusimama. "Bei ni ile ya Parsimei."

MAFUNZO

Wapendwa, mkopo wa halmashauri ni jasho la wengi. Ukipotea, anayekosa ni yule mama aliyekuwa kwenye foleni nyuma yako. Serikali inaweza kukupa mashine, lakini maarifa utayafuata kwa miguu yako, hata kama ni siku ya mnada, maana kuku ataweza kuuzwa mnada ujao. Ndugu tuwapende, tuwape chakula na mahali pa kulala, ila mali ya kikundi si ya mmoja kuigawa. Na tusidharau kinachobaki chini ya mashine. Mungu aliwapa wale wanawake mafuta na mashudu. Wao wakapokea mafuta tu.