Mama Mwenye Funguo

"Huyu mama mbona hana uso?"

Penseli alikuwa akilisubiri swali hilo tangu asubuhi, na bado lilimkuta hajajiandaa. Kwenye ukuta wa ofisi yake ndogo, juu ya duka la vifaa vya umeme, alikuwa amebandika michoro ishirini na mbili ya video. Kila karatasi ilikuwa sini moja, yaani tukio moja la video. Kijana aliyefukuzwa na baba wa kambo alikuwa na uso. Binti aliyefukuzwa shule kwa kuvunja kioo cha ofisi ya mwalimu mkuu alikuwa na uso. Hata mbwa wa gereji alikuwa na uso, tena wa dharau. Mama peke yake ndiye aliyekuwa duara tupu lililofungwa kitambaa.

"Nitamalizia," alisema.

"Leo Ijumaa, Jumatatu tunapiga picha. Mwigizaji wa kuwa mama tutamtafutaje kama hana sura?"

"Nimesema nitamalizia, Redio. Usinipande kichwani."

Redio akacheka. Huko alikokuwa miaka kumi na tano walimwita Msanii, wakampisha mlangoni na kumvutia kiti. Penseli ndiye pekee aliyebaki kumwita Redio, maana alimjua wakati hana kitu chochote duniani isipokuwa sauti.

Na alikuwa hana kitu kweli, nisikufiche. Enzi hizo Redio ana miaka kumi na minane, analala gereji, ndani ya gari bovu lisilo na matairi. Penseli ana kumi na saba, shule wamemtoa, nyumbani haongei na mtu. Kila jioni walikutana nyuma ya mashine ya kusaga, wakakaa juu ya magunia matupu hadi nywele zao zikawa nyeupe kwa unga. Redio aliimba matangazo ya biashara, ya sabuni, ya dawa ya meno, ya mabati, yote kwa sauti ya majonzi utadhani yuko msibani. Penseli akacheka hadi akashika mbavu, huku akimchora ukutani kwa kipande cha mkaa. Hiyo ndiyo ilikuwa starehe yao yote, na jamani, iliwatosha.

Sasa Redio amerudi mtu mzima, na wimbo. Wimbo wenyewe ulikuwa umeshatoka redioni, watu wanauimba mitaani, na prodyuza alitaka video yenye hadithi, vijana waliokata tamaa wakiitazama wapate moyo. Redio akasema mwongozaji ni mmoja tu, na kama si yeye basi video haipo.

"Sini ya ishirini ndiyo roho ya video," Redio aliendelea, akigonga karatasi kwa kidole. "Kijana amekuja na begi, wamepanga kutoroka na binti. Anagonga. Mama anatoka, anasema binti hayupo, amekwenda kwa bibi yake. Kijana anasikia mtu anakohoa ndani. Mama anafunga mlango, anazungusha ufunguo mara mbili. Kamera iende kwenye ule mkono. Nataka watu wamchukie."

"Wamchukie?"

"Kama ninavyomchukia mimi."

Penseli akainama kuokota penseli ambayo haikuwa imeanguka.

"Halafu?" aliuliza akiwa chini huko huko.

"Halafu binti anausukuma mlango hadi unavunjika. Anatoka mbio, anamkuta kijana barabarani. Wanashikana mikono. Mwisho."

"Haikuwa hivyo, Redio."

"Ndiyo maana tunatengeneza video!"

Wakacheka wote wawili. Kisha Redio akaacha kucheka, akavuta kiti, akakaa mbele yake karibu kabisa.

"Nikuulize kitu ambacho sijawahi kukuuliza. Siku ile, ulijaribu kutoka?"

Hapa ndipo mtu angepaswa kusema kweli. Mlango ulikuwa wazi, hakuna mtu mwingine ofisini, na swali lilikuwa fupi.

"Nilijaribu," Penseli alisema.

Redio akafumba macho, uso wake wote ukalegea.

"Nilijua. Wallahi nilijua! Huko nilikolala njaa, hicho ndicho kilichokuwa kinanilaza. Kwamba kuna mtu anasukuma mlango kwa ajili yangu." Akamshika mkono. "Sikiliza. Video ikiisha nataka kuleta wazee wangu kwenu. Nimezunguka kote huko, nimekutana na watu, lakini hakuna aliyenifaa."

Moyo wa Penseli ukalipuka paa! Miaka kumi na tano alikuwa amewakataa wachumba watatu, kila mmoja kwa sababu ya uongo, na sababu ya kweli ndiyo hii imekaa mbele yake imemshika mkono.

"Redio..."

"Ngoja nimalize. Mama yako simpi shikamoo. Unisamehe kwa hilo. Nitakuja, nitakaa, nitakula, lakini shikamoo hapana. Naoa binti, sioi mama."

Penseli alirudi nyumbani kwa miguu. Furaha na aibu zilitembea naye kwa pamoja, hajui ashike ipi aache ipi.

Nyumba ilikuwa ile ile, na mlango ule ule. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa anashona sare za shule, mguu kwenye kikanyagio, kichwa kinatikisika kidogo. Alikuwa anaimba.

*Mama mwenye funguo, ulizungusha mara mbili,*
*ulifunga mlango, ukafunga na roho yangu.*

Penseli akaganda mlangoni.

"Mama! Unaimba nini?"

"Wimbo wa huyo mwenzako. Binti wa jirani kaniwekea kwenye simu. Mtamu! Unanisaidia kushona pindo." Akakata uzi kwa meno. "Ila huyo mama wa kwenye wimbo, loh, mkali huyo."

"Mama, unajua ni wewe."

"Kwani mimi kiziwi?"

"Sasa kwa nini hukusema kitu? Miaka yote hii?"

Mama akazungusha gurudumu la cherehani taratibu, macho kwenye kitambaa.

"Nani alijibanza nyuma ya pazia na begi mgongoni, anatetemeka kama kifaranga kilicholowa? Nani aliniambia, 'Mama, nakuomba, mwambie sipo, halafu funga mlango'? Uliniomba, nikafunga."

"Ungemwambia baadaye. Ungemtumia mtu."

"Nimwambie nini? Kwamba binti yangu amekubadilikia? Mwanangu, yule mtoto alikuwa anaondoka na nguo alizovaa. Hana baba, hana mama, hana nauli. Nikamwangalia nikaona, huyu akijua kwamba na wewe humtaki, hafiki popote. Bora anichukie mimi. Hasira ingempa miguu."

Penseli akakaa chini kwenye vipande vya vitambaa.

"Anataka kunioa."

Mguu wa mama ukasimama kwenye kikanyagio.

"Ala! Basi nyamaza."

"Mama!"

"Nyamaza uolewe. Lawama yake nimeibeba miaka kumi na tano, haijanipinda mgongo. Nitashindwa mingine?"

"Amesema hatakupa shikamoo."

Mama akaikunjua sare, akaikunja tena.

"Haidhuru," alisema. "Wapo wengi wanaonipa."

Na yule mama akarudi kwenye cherehani yake, akaendelea na ubeti pale alipokuwa ameachia. Penseli alimsikiliza mama yake akijiimbia matusi yake mwenyewe kwa sauti nzuri, bila kukosea neno. Hakuweza kuvumilia. Alitoka uani na kupiga simu hapo hapo, maana angesubiri kupambazuke asingepiga kamwe.

"Mrembo wangu, umeshanikumbuka?" Redio alipokea.

"Leo nimekudanganya."

"Kuhusu nini?"

"Sikusukuma mlango. Mama hakunifungia. Mimi ndiye niliyemwomba akwambie sipo, mimi ndiye niliyemwambia afunge. Ufunguo alizungusha yeye, lakini kwa maneno yangu."

Upande wa pili muziki ukazimwa.

"Redio?"

"Nakusikia."

"Nilikuwa nimefunga begi. Nilikupenda hadi chakula hakipiti. Lakini uliposogea mlangoni nilikiona kitanda changu, nikafikiria kwamba huko tuendako hakuna kitanda. Nikaogopa. Sina sababu nyingine nzuri zaidi ya hiyo. Niliogopa."

"Kwa hiyo mimi," Redio alisema polepole, "nimemtukana mama yako mbele za watu, majukwaani, watu wanapiga makofi..."

"Ndiyo."

"Na leo mchana nimekuuliza. Nimekuuliza nikiwa nimekushika mkono."

"Ndiyo. Nikakudanganya tena, kwa sababu nilikutaka. Bado nakutaka."

Simu ikakatwa.

Jumamosi alipiga mara tano. Mara ya sita ukaja ujumbe.

*Usinipigie.*

Saa sita mchana prodyuza akampigia simu, sauti juu.

"Mwongozaji, umemfanya nini Msanii? Anasema Jumatatu hakuna kupiga picha! Nimeshawaambia vijana wa kuigiza waje saa moja, ukumbi nimepata, kamera nimepata, sasa niwaambie nini?"

"Wewe usiwaambie kitu kwanza, bosi wangu. Kosa ni langu."

"Kosa lako linanipandisha presha mimi!"

Penseli akaenda ofisini, akabandua michoro mitatu ya mwisho, akaketi. Alichora hadi vidole vikamuuma. Sini ya ishirini akaichora upya, kwa ndani safari hii. Binti nyuma ya pazia, begi mgongoni, mkono umeng'ang'ania gauni la mama. Mama amemgeukia, na uso wa mama sasa ulikuwepo, na makunyanzi yake na ule mdomo wake wa kutaka kusema na kujizuia. Sini ya ishirini na moja ilikuwa kesho yake: mama amemshika binti mkono anampeleka kwa mchora mabango, anamwambia yule mzee, mtoto huyu anaharibu kuta zangu kwa mkaa, mpe kazi. Hivyo ndivyo Penseli alivyopata riziki yake, na hakuwahi kumsimulia mtu.

Sini ya mwisho hakujua aichore vipi. Kesho yake Redio alikuwa wapi? Alikula nini? Nani alimpokea? Ni kitu ambacho hakuwahi hata kukiuliza. Akaiacha karatasi nyeupe, akaandika chini: *Kijana, siku ya pili.*

Akazipiga picha kwa simu, akamtumia na maneno haya:

*Hiki ndicho kilichotokea. Ukitaka mwongozaji mwingine mpe hizi hizi. Ya mwisho unaijua wewe. Mimi nichukie utakavyo, ila mama yangu mtoe humo.*

Alama zikageuka bluu. Jibu halikuja, si jioni, si usiku.

Jumapili alitumwa dukani kununua vifungo vya sare. Aliporudi akakuta mlangoni viatu vya kiume, vikubwa, vimepangwa vizuri kwa adabu. Pakiti ya vifungo ikamponyoka, vikatawanyika vyote kizingitini.

"Nani huyo anamwaga vitu?" mama aliuliza ndani.

Redio alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya vipande vya vitambaa, magoti yamekaribia kidevu, macho mekundu. Mama alikuwa kwenye cherehani, lakini hashoni.

"Nimeshampa shikamoo," Redio alimwambia Penseli, kabla hata hajaulizwa. "Tatu. Ya kwanza sauti haikutoka."

"Na mimi nimeitikia zote," mama alisema. "Halafu kaniimbia ubeti mpya. Huyu mama wa sasa ni mpole mno, hata simjui. Yule wa kwanza alikuwa na mdundo."

"Mama, nilikukosea."

"Ulinikosea, lakini nilicheza."

Redio akajifuta uso kwa kiganja, kicheko kikamtoka bila kupenda. Kisha akamgeukia Penseli, na kicheko kikaisha.

"Siku ya pili," alisema. "Uliniachia karatasi nyeupe. Siku ya pili nilikuwa nimekaa nje ya karakana ya maseremala, mji nisioujua, naimba tangazo la mabati kwa njaa. Fundi mmoja akatoka akaniuliza kama najua na la misumari. Akanipa chai. Nikalala pale miaka miwili." Akaokota kipande cha kitambaa sakafuni. "Hakuna aliyewahi kuniuliza hilo. Wote wanauliza siku ile ya mlangoni. Jumatatu tunapiga picha. Zako zote mbili, na hiyo."

"Redio, nisamehe."

"Sijakusamehe. Nina hasira na wewe, usidhani imekwisha."

"Sidhani."

"Nyingi! Sasa hivi nikikutazama nataka kupiga kelele."

"Piga."

"Hapana, ni kelele za mwaka mzima hizi, na mimi hapa ni mgeni. Nitapiga kidogo, jua likizama naaga, kesho nianze upya? Mtu hawezi kumaliza hasira kwa safari za kwenda na kurudi." Akainuka kwenye kigoda. "Nataka niwe nakasirika huku nakuona. Asubuhi nikiamka uwepo. Usiku nikilala uwepo. Nikimaliza kukasirika, uwe bado upo."

Penseli akaanza kulia na kucheka kwa pamoja, hata hakujua kipi kimetangulia. Akaitikia kwa kichwa tu, ndiyo, ndiyo, mara nyingi.

Mama aliwatazama, huyu mmoja kisha yule. Akachukua sare yake, akaiweka chini ya sindano, akaanza kukanyaga.

"Basi lete wazee wako, mwanangu," alisema. "Uje ukasirike kihalali."