Msumari au Msumeno?

Seremala alikuwa na binti mmoja. Watu walimwita Randa, kwa jinsi alivyojua kulainisha mbao. Baba na binti walifanya kazi pamoja kwenye karakana nyuma ya nyumba, na hapakupita siku bila ugomvi.

Katika lugha yao ya nyumbani, msumari na msumeno ni neno moja. Ukipandisha sauti, ni msumari. Ukiishusha, ni msumeno.

"Msumeno!" baba aliita asubuhi hiyo, mkono ameunyoosha nyuma.

Randa akampa msumari.

"Nikate mbao kwa msumari? Unanifanyia makusudi! Kuanzia kesho usije hapa!"

Machozi yakamlenga Randa. Aliipenda kazi ile kupita kiasi.

Jirani yao, muuguzi anayepima masikio, alikuwa amekuja kuchukua benchi lake. Akasimama nyuma ya Randa, akanong'ona, "Benchi langu tayari?"

"Tayari, shangazi, ila vanishi haijakauka."

"Umeona? Anasikia!" baba akafoka. "Ni kiburi tu."

Muuguzi akapiga mluzi wa chini, kisha wa juu. "Randa, upi uko juu?"

"Kwani si ni ule ule?"

Baba akauweka ule msumari chini.

"Mlete kliniki kesho nimpime vizuri, kabla hujamfukuza," muuguzi akasema.

Baada ya vipimo, muuguzi alieleza: "Fundi, mtoto si kiziwi, si mjinga, wala si mkaidi. Amezaliwa hivi. Sauti ikipanda au ikishuka, hatambui vizuri. Mara nyingi hali hii huwa ya ukoo. Nani kwenu anaimba vibaya?"

"Marehemu mama yangu," baba akakiri. "Alikuwa akianza kuimba, kuku wanahama."

Wote wakacheka, Randa akiwa wa kwanza.

"Na dawa yake?"

"Dawa hakuna. Ila usimtupie neno moja. Sema sentensi nzima, ataelewa kwa maneno mengine. Nawe Randa, usibahatishe. Uliza."

Kwa baba ulikuwa mtihani. Salamu tu ikiwa ndefu, anachoka! Lakini alijikaza. "Randa, nipe msumeno nikate mguu wa meza." Akapewa msumeno. Wiki ikapita bila kosa wala kelele, na sentensi zikazidi kurefuka.

Ijumaa Randa alimaliza meza peke yake. Baba akaipapasa pande zote.

"Mwanangu, meza hii umeitengeneza vizuri kuliko mimi."

"Sijasikia, baba. Hebu rudia."

Baba alijua fika kwamba amesikia. Akarudia, neno kwa neno.