Mlango Uliogeuzwa Uso

Ukiugonga mlango ule, sauti ilichelewa. Ilichelewa kidogo tu, kama mtu aliyeitwa akamaliza kwanza kumeza tonge ndipo aitike. Seremala aliyeitwa Randa, ambaye maisha yake yote alikuwa akipima mbao kwa vifundo vya vidole, aligonga tena, akatega sikio, kisha akajiambia kwamba mbao kuukuu zina ukaidi wake.

Jengo lilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, kilichofungwa zamani hata popo wakakihesabu kuwa urithi wao. Wapo waliotaka kibomolewe. Mhandisi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kubembelezea watoto, alikataa katakata. Kuta zilikuwa nene, paa lilikuwa na mifupa mizima, na ndani yake zingepatikana nyumba za familia nyingi pasipo kuchomwa tofali jipya. "Usipoziba ufa utajenga ukuta," alipenda kusema, "na mimi ukuta ninao." Basi kila kitu kilirudishwa kazini: vigae, vioo, mihimili, hata bawaba zilizoliwa na kutu.

Milango ilikuwa amana ya Randa. Kanuni yake ilikuwa moja: kabla ya kuung'oa mlango, aliuchora mstari wa chaki upande wa nje, ili utakaporudi uelekee kulekule ulikoelekea tangu mwanzo.

"Mlango una uso na kisogo," alimwambia bintiye, mpaka rangi aliyefanya kazi naye. "Ukiugeuza, umeutukana."

"Haya, fundi wangu leo amekuwa wakili wa milango," binti alimtania. Tangu mama yake afariki hakumwita baba tena. Kazini na nyumbani, kwa furaha na kwa hasira, alikuwa "fundi wangu", na Randa asingelibadilisha jina hilo kwa cheo chochote.

Mlango wa chumba cha mwisho ndio pekee aliouvunjia kanuni. Ulifungukia ujiani, na upande huohuo wa ujia ulikuwa na komeo la chuma nene kama mpini wa shoka. Chumba chenyewe hakikuwa na dirisha. Lililokuwapo lilizibwa kwa mawe. Lakini fundi na bintiye walikuwa wameahidiwa makazi upande huo wa jengo, na chumba hicho kingekuwa cha binti. Randa aliona haya kumlaza mwanawe kama mahabusu, komeo likiwa mikononi mwa wapita njia. Akaugeuza mlango. Komeo likaingia ndani, bawaba zikaingia ndani, mstari wa chaki ukatazama chumbani. Ni tangu hapo sauti ilipoanza kuchelewa.

Alasiri moja binti aliingia na ndoo ya rangi nyeupe, akiimba kwa pua. Randa alibaki ujiani akilainisha ubao. Harufu ndiyo iliyotangulia, harufu ya pamba mbichi inayoungua, ilhali pamba haikuwa imeonekana pale kwa miaka na miaka. Kisha wimbo ukakatika. Kisha mlango ukajifunga taratibu, pasipo upepo, na komeo likateleza kwa ulaini wa mafuta aliyolipaka yeye mwenyewe.

"Mama, umejifungia?" Randa alimuuliza bintiye.

"Sijafunga mimi, fundi wangu."

"Basi fungua, usinifanyie mzaha."

Halafu sauti yake ikaja, ya chini mno, kama ya mtu asiyetaka kumwamsha aliyelala. "Nimelishika komeo. Lakini kuna mkono mwingine umelishika pia."

Randa alizipapasa kingo za mlango akizitafuta bawaba azing'oe, akakumbuka ziliko na nani aliyezipeleka huko, akaupiga kwa bega mlango ambao ulimrudishia kila pigo baada ya kitambo, kana kwamba mtu upande wa pili alilipima kwanza uzito wake, na katika kila kitambo alisikia pumzi mbili ndani ya chumba, moja ya haraka aliyoijua tangu ilipokuwa pumzi ya kichanga, na nyingine ndefu, isiyo na haraka, iliyoanza palepale ya kwanza ilipokoma, ikiifuata, ikiiga, ikijifunza, hata ikafika saa asiweze tena kusema ipi ni ipi.

Mhandisi, aliyevutwa na vishindo, alikwenda mbio, akarudi na mzee wa kisomo aliyesifika kwa kutoa majini. Mzee alichoma ubani, akasoma mdomo wake ukikaribia kuugusa mlango, akasoma hadi sauti ikamkauka. Mwishowe komeo likateleza. Binti akatoka, mikono yake myeupe kwa rangi mbichi, akaegemea ukuta bila kumtazama mtu.

Randa alimkumbatia. Alikuwa baridi kama jiwe la kisimani.

"Waliokifungia kiumbe hiki humu hawakuwa wajinga," mzee alisema, akimwonyesha Randa mstari wa chaki. "Kilikuwa mfungwa, wewe ukamkabidhi komeo lake. Urudishe mlango ulivyokuwa, sasa hivi. Ukishafunga usifungue, hata usikie nini. Nilicho nacho nimekisoma chote. Mara ya pili sina neno."

"Una hakika kimebaki ndani?" Mhandisi alinong'ona.

"Mmoja aliingia, mmoja ametoka. Mnataka hesabu gani nyingine?"

Randa alikuwa hajapata kufanya kazi vile. Aliugeuza mlango bila kuthubutu kutazama giza la chumbani, akachagua skrubu ndefu kuliko zote, akazikaza mpaka viganja vikachubuka. Komeo likarudi ujiani, akalisukuma, likaingia tunduni kwa mlio mmoja uliokamilika. Akashusha pumzi.

Ndipo mlango ulipogongwa kutoka ndani. Sauti ya kugonga haikuchelewa hata kidogo.

"Fundi wangu. Mbona unafunga? Mimi bado nimo."

Mzee alikuwa akikusanya vitu vyake. Hakuinua kichwa. "Nilikwambia utasikia."

"Fundi wangu, kuna giza huku."

"Hiyo ni sauti yake," Randa alisema.

"Ndiyo. Vinaiba sauti kabla ya kitu kingine chochote."

"Mwanao huyu hapa, fundi," Mhandisi alisema kwa upole, akimshika bega. "Mtazame. Mchukue mkapumzike."

Randa akamgeukia aliyesimama ukutani. "Mama, hebu niite."

Midomo ya binti ilifunguka, ikafungika, ikafunguka tena, ikatulia. Neno lilikwisha usoni pake. Na baadaye, baada ya kitambo cha kumeza tonge, sauti ikawasili.

"Baba."

Randa alilirukia komeo, akalivuta kwa mikono miwili. Halikutikisika. Mhandisi alikuwa amekwisha kugeuza kichwa, akimsindikiza mzee. Ndani ya chumba kulikuwa na kucha zinazokwaruza ubao, taratibu, mahali ambapo komeo lingekuwapo. Randa akavuta tena, kwa nguvu zote za kazi yote aliyopata kuifanya. Na juu ya mikono yake ukatua mkono mwingine, baridi, mweupe kwa rangi mbichi, ukalishika komeo pia.