Mchambuaji Aliyekaa Mlangoni

Jumatatu ile, saa nane mchana, waliokuwepo karakanani walikuwa watano. Ni vema watajwe mmoja mmoja, kwa kuwa hesabu yao ndiyo iliyoleta taabu baadaye.

Wa kwanza alikuwa Fundi, mwenye karakana, mtu wa miaka sitini na miwili aliyeshona magodoro tangu hajaota ndevu. Wa pili ni shemeji yake, dada mkubwa wa marehemu mkewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Shazia, kwa ajili ya ile shazia, sindano ndefu ya kushonea magodoro, ambayo haikumtoka mkononi. Wa tatu alikuwa Mzito, mwanamume wa kilo mia na ushei, mpiga sufi na mjaribu magodoro. Wa nne ni Binti, mtoto pekee wa Fundi, mwenye mimba ya miezi minane, aliyerudi kwa baba yake kujifungulia huko kwa kuwa mumewe alikuwa safarini. Wa tano alikuwa mchambuaji, aliyekaa juu ya kigoda karibu na mlango, akitoa mbegu na mabonge katika sufi.

Wote walikuwa wamejifunga vitambaa puani na mdomoni. Ndivyo kazi ile inavyotaka. Sufi ikipigwa fimbo hutoa vumbi jeupe linaloingia kifuani, na asiyejifunga hukohoa wiki nzima. Humo ndani watu walijuana kwa macho na kwa migongo.

Godoro lililokuwa likijazwa lilikuwa la Binti.

"Nimechoka na mkeka, Baba," alisema. "Mgongo wote unaniuma, na huyu naye ananipiga mateke kama ana kesi na mimi."

"Leo unalalia godoro lako," Fundi akamjibu. "Mwambie kesi iahirishwe."

Akaingiza mkono kwenye mdomo wa godoro kushindilia sufi ya mwisho, kisha akautoa upesi. Sufi ile ilikuwa na joto. Halikuwa joto la jua, maana ilikuwa imekaa kivulini tangu asubuhi. Lilikuwa joto la mahali alipoondoka mtu sasa hivi. Fundi alifuta kiganja kwenye suruali yake, akaendelea kushindilia.

Ikaja zamu ya Mzito. Katika karakana ile godoro halikushonwa mdomo kabla hajalilalia, chali, muda wa Mama Shazia kutia uzi sindano kumi. Palipobonyea zaidi, paliongezwa sufi.

"Niambieni," alisema akijinyoosha, "ni mfanyakazi gani mwingine anayesifiwa akilala kazini?"

"Anakusifu nani?" Mama Shazia akauliza, uzi mdomoni. "Funga macho huko."

Alikuwa hajamaliza sindano ya sita Mzito alipopiga ukelele, akaketi, jasho linamtiririka.

"Nilikuwa hapa hapa," alisema. "Sote tulikuwa hapa, kila mtu na kazi yake. Ila mimi siwezi kujitikisa. Na kuna mkono ndani ya godoro, chini yangu, unanichambua mgongo. Bonge kwa bonge. Na wala hauumi, Mama. Ndio ubaya wake, hauumi."

"Jinamizi hilo," Mama Shazia akasema. "Umekula ukavimbiwa, ukalala chali. Geuka nikupanguse."

Mgongoni kwenye shati palikuwa na unyoya wa sufi. Mama Shazia akauvuta. Ukaja, ukazidi kuja, mrefu kama uzi, kutoka chini ya shati. Akaukata kwa kucha, akautupa kwenye lundo la mlangoni. Mchambuaji aliudaka bila kuinua kichwa.

Godoro likashonwa, likapelekwa chumbani kwa Binti, nyuma ya karakana.

Sakafu ya karakana ilikuwa ya mbao, na palikuwa na ubao mmoja karibu na meza ambao kwa miaka tisa ulilia kila asubuhi Mzito alipoukanyaga. Jumanne haukulia. Mzito mwenyewe alisimama, akarudi nyuma, akaukanyaga tena. Kimya.

"Umepungua, Mzito," Fundi akasema.

"Nimepungua, Mzee." Sauti yake ilitoka kama ya mtu anayeongea na mto usoni. Baadaye alipolalia godoro la mteja, godoro halikubonyea mahali popote. Mama Shazia alilishona bila kuongeza chochote na bila kumtazama.

Siku hiyo Binti alisema ameota ndoto mbaya. Hakuieleza, na baba yake hakuuliza. Fundi alikuwa akikiangalia kiganja chake.

Jumatano, saa nne asubuhi, Binti alikata mkate, akakuta ndani ni sufi, nyeupe, yenye joto. Akajifinya. Akaona maumivu. Akamimina chai, na chai ikatoka kwenye birika bila sauti, ikajaa kikombeni laini na kavu, ikamwagika mezani, ikaendelea kumwagika hata alipokwisha kuliweka birika chini. Akaenda kumtafuta baba yake. Kutoka jikoni hadi karakanani ni hatua kumi na mbili, na kwa kila hatua sakafu ilibonyea chini ya mguu wake kama godoro ambalo mdomo wake haujashonwa, na ukuta alioushika ili asianguke ulikuwa wa kitambaa cha mistari, na nyuma ya kitambaa kile kulikuwa na kitu kilichotembea pamoja naye, hatua kwa hatua, bila haraka, kama mtu anayemsindikiza mgeni hadi mlangoni.

Alifika. Akamshika baba yake mkono, akanong'ona, "Niamshe."

"Uko macho, mwanangu."

"Mbona mkono wa ndotoni bado upo, basi? Baba, ule mkono umeacha mgongo wangu." Akashika tumbo kwa mikono miwili. "Unamchambua mtoto. Tangu alfajiri hajapiga teke hata moja."

Fundi alimkalisha, akamwambia Mama Shazia akalete mganga, na Mama Shazia alikwenda na sindano yake mkononi, hakukumbuka kuiweka.

Mganga alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba na mkoba kama wa mwalimu. Hakufukiza chochote. Alimwita kila mtu peke yake jikoni na kumwuliza swali moja: Jumatatu, godoro lilipojazwa, mlikuwa nani na nani? Kisha akawakusanya.

"Wote mmenitajia watano," alisema. "Huyu mchambuaji ni wa nani?"

"Alikuja na shemeji," Fundi akasema.

"Mimi? Nilijua ni mtu wa Mzito."

"Mama, mimi nilimkuta," Mzito akasema kwa sauti yake ya ndani ya mto. "Nikajua Fundi kamwandika."

Binti alisema polepole, "Mimi niliona kama yupo siku zote."

"Nani amemwona akishusha kitambaa? Akinywa hata maji?"

Hakuna. Wote wanne wakageuka kutazama mlangoni. Kigoda kilikuwepo. Lundo la sufi lilikuwa limechambuliwa, safi, bila mbegu hata moja.

Mama Shazia akamgeukia Fundi. "Shemeji, godoro kuukuu lililoletwa Jumamosi, lile nililolifunga uzi mweusi. Ulilichoma?"

Uzi mweusi ulikuwa sheria ya karakana ile. Kila aliyeleta godoro kuukuu lifanywe upya aliulizwa kama kuna mtu aliyefia juu yake. Akikubali, godoro lilifungwa uzi mweusi pembeni, na sufi yake ilichomwa kabla jua halijatua. Haikuchanganywa na nyingine. Fundi mwenyewe ndiye aliyeweka sheria hiyo.

"Sikulichoma," Fundi akasema. "Sufi ilipungua upande mmoja wa godoro la mwanangu. Ile ilikuwa nyeupe, safi, na yeye analala chini na tumbo lile. Nikakata uzi."

"Shemeji!"

"Nimesema nilikata."

Mganga alivua miwani, akaifuta. "Aliyefia humo alikufa usingizini, katikati ya ndoto. Hakuamka akaimaliza. Ndoto imebaki haina mwenyewe, na jini limeikalia, nalo linatafuta mtu wa kuiota hadi mwisho. Ndiyo maana haingoji mlale tena."

"Tulichome godoro sasa hivi," Mama Shazia akasema.

"Ukilichoma, umemchoma na Mzito, na binti yako huyu, na aliye tumboni. Vipande vyao vimo. Lazima ichambuliwe."

"Nani atajua ipi ni ipi? Sufi ni sufi!"

"Aliyekaa mlangoni anajua. Aliyekata uzi akae naye. Ampokee anachompa, akiweke anapoonyeshwa. Asimfunue uso. Wala asisinzie kabla kazi haijaisha, maana akisinzia mapema, wote wamekwenda." Akamtazama Fundi. "Na mafungu yakitimia, atataka mtu. Ndoto haitoki bila mwotaji. Umenielewa?"

"Nimeelewa."

"Baba, kuelewa nini?" Binti akauliza.

"Kazi," Fundi akajibu. "Mambo ya kazi tu."

Usiku huo walikesha wote, wakimwimbia Binti, wakimtembeza, wakimmwagia maji ya baridi usoni, asifumbe macho.

Alhamisi, jua lilipotoka, Fundi alilipasua godoro kwa mkono wake, akaweka kigoda cha pili mlangoni mkabala na cha kwanza, akajifunga kitambaa. Wengine walikaa upande wa meza. Hakuna aliyemwona yule mchambuaji akiingia. Vigoda vilikuwa viwili na mtu mmoja, kisha Mzito akapiga chafya, na vikawa viwili na watu wawili, wameinama, wanachambua.

Lile jini halikutazama lilichokishika. Vidole vyake vilikuwa virefu, vikavu, na havikuwa na kucha, navyo viliingia katika sufi na kutoka bila kupapasa, unyoya huu kulia, huu kushoto, huu katikati, na kila lilipovuta pumzi kitambaa chake hakikuingia ndani wala kutoka nje, ila kuta za karakana ndizo zilizoingia na kutoka, taratibu, pamoja na dirisha na meza na wale watatu waliokaa nyuma yake wameshikana mikono, na Mama Shazia akawa anajichoma kidole kwa sindano kila mara, kwa kuwa kila alipoacha kuona maumivu aliona kwamba yeye naye amelala, na kwamba mahali pale hapakuwa karakanani.

Saa tano fungu la kwanza likatimia. Mganga alilichota kwa mikono miwili, akalitandaza sakafuni. "Mzito, lala."

Mzito akalala chali. Alipoinuka, aliukanyaga ubao wa karibu na meza, nao ukalia. Akarudi, akaukanyaga tena, akaanza kulia machozi kama mtoto.

Fungu la pili, la Binti na mtoto, lilikuwa dogo sana, la kujaa kofia. Lilitimia saa nane kasoro. Binti alilazwa juu yake, Mama Shazia akaweka kiganja tumboni, akangoja. Fundi alisitisha mikono, lakini hakugeuka. Nje ulipita mkokoteni. Kisha kiganja cha Mama Shazia kikaruka.

"Amepiga?" Fundi akauliza.

"Amepiga, shemeji. Mara mbili. Tena kwa hasira."

"Ni kesi yake na mama yake," Fundi akasema, na Binti akacheka, akaziba mdomo.

Fungu la tatu, la marehemu, ndilo lililokuwa kubwa, na liliisha saa tisa kasoro. Sufi yote ya godoro ilikuwa imekwisha. Hata hivyo yule mwingine hakuinuka. Aliendelea kuchambua, na mbele yake likaanza fungu la nne, jeupe, linatoa mvuke kidogo. Mikono ya Fundi ilikuwa imetulia magotini. Mgongo wa shati lake ulikuwa umebonyea.

"Fundi," Mama Shazia akanong'ona. Kwa miaka yote hakuwahi kumwita hivyo. "Hilo fungu ni la nani?"

"Langu."

"Baba!" Binti alijaribu kuinuka. Mganga akamzuia begani.

"Usisogee, mwanangu. Wala hauumi," Fundi akasema. Sauti yake ilikuwa imekwisha kuingia ndani ya mto. "Shemeji, uzi mweusi ufungwe siku zote. Hata kama sufi ni nyeupe namna gani."

"Utafungwa."

"Basi mimi nalala."

Aliinamisha kichwa kama mtu anayetafuta mbegu iliyomponyoka. Kuta zikavuta pumzi mara moja zaidi, ndefu, kisha zikasimama, zikawa kuta. Mlangoni palikuwa na vigoda viwili, na kwenye kile cha kwanza palikuwa na kitambaa cha kujifungia pua, kimekunjwa vizuri. Mganga alikiokota kwa ncha ya sindano ya Mama Shazia, akakiweka juu ya fungu la tatu na la nne, na vyote vikachomwa uani jua likiwa bado juu.

Binti alijifungua wiki tatu baadaye, mtoto wa kiume, mzima, mwenye mateke. Mzito bado anajaribu magodoro, ila siku hizi hulala macho wazi. Mama Shazia ndiye mwenye karakana sasa. Kila asubuhi, kabla ya kazi, huwashusha watu wote vitambaa na kuwahesabu kwa nyuso.

Siku ile ya Alhamisi waliokuwepo walikuwa Mama Shazia, Mzito, Binti, mganga na Fundi. Fundi alifariki saa tisa na robo alasiri.