Mtani Juu ya Mkeka wa Mwanga

Kila alfajiri, kabla jua halijatoa hata kidole, Mto Luhombe ulitandikiwa mkeka.

Haukuwa mkeka wa ukindu. Injinia Nyamizi Kalunde aliweka kiganja chake juu ya kioo cha mtambo, na kutoka ukingo wa jiji la Lukweni mwanga wa rangi ya maziwa ukaanza kujikunjua juu ya maji, mpana kama barabara, ukaenda taratibu mpaka ukagusa ukingo wa pili, nchi ya Zumbwe. Ulikuwa mwanga uliogandishwa hadi ukawa mgumu. Malori ya mihogo yalipita juu yake, na mtu aliyekuwa chini kwenye ngalawa aliweza kuyaona matumbo yao. Wakubwa waliliita daraja hilo kwa jina refu ambalo hata wao walilisoma kwenye karatasi. Wachuuzi waliliita Mkeka, na jina la wachuuzi ndilo lililoshika.

Mkeka ulikuwa na baba wawili, na hapo ndipo matata yake yalipoanzia. Mwanga ulitoka kwenye vyungu-jua, vile vioo vinavyoelea juu ya mawingu, mali ya Dola la Mawio. Akili ya kuutandika na kuukunja, na ya kumtambua kila apitaye kwa mwendo wake na mapigo ya moyo wake, ilitoka kwa akili-unde iitwayo Bawabu, mali ya Dola la Machweo. Nchi ya Nyamizi na nchi ya Zumbwe zilichangia mto.

Basi Zumbwe ikafanya uchaguzi, ikapata marais wawili. Wa zamani aliapishwa asubuhi uwanja wa mpira. Mpya akaapishwa jioni sokoni, kwa sababu uwanja ulikuwa na watu. Jambo hilo lingeweza kumalizwa na wenyewe kwa kelele, ngumi kidogo na chakula cha pamoja, ila chini ya ardhi ya Zumbwe kulikuwa na jiwe la buluu linalotengenezewa vyungu-jua na vichwa vya akina Bawabu. Mawio wakamtambua rais wa zamani. Machweo wakamtambua mpya. Kila dola likatangaza kwamba linawapenda sana wananchi wa Zumbwe. Wazumbwe walikuwa hawajawahi kupendwa namna hiyo, na wengine walianza kufa kwa huko kupendwa.

Mazungumzo ya amani yakafanyika Lukweni, katika hoteli kubwa ya ng'ambo hii. Ukumbini hakukuwa na Mzumbwe hata mmoja. Kahawa tu ndiyo iliyotoka Zumbwe.

Na Mkeka nao ukaingizwa kwenye ugomvi. Bawabu alifundishwa swali jipya: "Rais wako ni nani?" Mtu akimtaja wa zamani, Bawabu alimkatalia. Akimtaja mpya, Mawio walipunguza mwanga chini ya nyayo zake mpaka akarudi mwenyewe mbio. Kwa hiyo kila alfajiri Nyamizi aliutandika, na kila jioni akaukunja, na katikati hakupita hata kuku.

Ndipo mama yake, Bi Kabula, akafa.

Alikufa vizuri, kitandani, akilalamikia chumvi. Lakini huwezi kumzika mtu wa Lukweni bila mtani wake, na mtani wa Bi Kabula alikuwa Bi Shoma, wa ng'ambo, Zumbwe. Vikongwe hao wawili walikuwa wametukanana tangu wana meno yote. Nyamizi akamlaza mama yake ndani ya jeneza-barafu, akajifunga khanga juu ya tumbo lake lililokuwa na mimba kubwa, akaenda hotelini kuwaomba mabalozi.

"Pole sana, Injinia," akasema balozi wa Machweo, mwanamke mwenye tabasamu la kudumu. "Huyu Bi Shoma ni ndugu yenu?"

"Si ndugu, mheshimiwa. Ni mtani."

"Mtani ni nani?"

"Ni mtu anayekuja kukutukana ukifiwa."

Mabalozi wakatazamana. Ilikuwa mara yao ya kwanza kutazamana tangu mazungumzo yaanze.

"Na akishafika atafanya nini hasa?" akauliza balozi wa Mawio.

"Atavaa nguo za mama aige mwendo wake. Ataingia kaburini alale, aseme ni dogo, makalio ya mama hayatatosha. Ataiba sufuria ya ubwabwa. Sisi tutacheka, halafu ndipo tutaweza kulia sawasawa. Bila yeye matanga hayaanuliwi."

"Tunazo roboti za faraja," balozi wa Mawio akasema kwa upole. "Moja inaweza kufundishwa matusi."

"Yetu inayajua tayari," balozi wa Machweo akadakia. "Kwa lugha zote."

Nyamizi akashukuru, akakataa. Akaomba mtu mmoja, mara moja, kwenda na kurudi. Wakamzungusha. Lakini kila balozi aliogopa mwenzake ndiye atakayeonekana mwema peke yake, na hofu hiyo ikafanya kazi ambayo huruma ilikuwa imeshindwa. Wakakubaliana: Bi Shoma apite, mradi Bawabu akimuuliza rais wake ni nani, ajibu "Sina upande," basi, asiongeze wala asipunguze.

Nyamizi alitoka pale akijiona mwanadiplomasia. Akafungua picha-hewa, na sura ya Bi Shoma ikaelea mbele yake, imekunjamana, macho yanachekacheka.

"Mama Shoma, shikamoo."

"Shikamoo ya nini? Mtumwa wangu amekufa bila kuniomba ruhusa, unaniletea shikamoo?"

"Nimekupatia njia. Bawabu atakuuliza rais wako nani. Jibu: sina upande. Hilo tu."

"Mwambie huyo mama yako asianze kuoza kabla sijafika. Ana khanga yangu, na najua ameilalia."

"Lakini utalisema, mama?"

"Nitasema nitakalo. Kwani mimi nimeolewa na baba yako?"

Nyamizi akacheka, cheko la kwanza tangu msiba. Akakata mawasiliano akidhani amekubaliwa.

Alasiri ukingo wa Lukweni ulijaa watu. Kaburi lilikuwa limeshachimbwa kwenye kilima nyuma ya nyumba ya marehemu, jeneza limetolewa uani. Nyamizi alisimama kwenye kioo chake, na kando yake mjomba wake, Mzee Sizya, amevaa koti la misiba. Ng'ambo ya pili kikongwe mmoja akaonekana akikanyaga Mkeka, bakora mkononi, mkeka mwingine wa ukindu kichwani. Kwenye ukingo ule kulikuwa na askari wa marais wote wawili, kila kundi likijifanya halioni jingine.

"Umewezaje?" Mzee Sizya akauliza.

"Wamekubali, mjomba. Atajibu kwamba hana upande, basi anapita."

Mzee Sizya akageuka polepole. "Atajibu? Ajibu sawasawa?"

"Ndiyo. Neno dogo tu."

"Mtani aliye njiani kwenda kuzika?" Mzee akajishika mdomo. "Mwanangu, wewe umesoma mpaka wapi? Mtani akishasikia msiba hasemi neno la kweli mpaka kaburi lifukiwe. Akisema, msiba unazaa mwingine katika nyumba ileile." Macho yake yakashuka hadi kwenye tumbo la Nyamizi, yakapanda haraka.

Nyamizi alikuwa analijua hilo. Alilijua tangu utotoni, kama anavyojua njia ya kwenda chooni gizani. Ila hotelini, kati ya viti vile na kahawa ile, alikuwa amelisahau kabisa.

Katikati ya mto Bawabu akazungumza. Sauti yake ilitoka ndani ya mwanga wenyewe, laini, ya mtu aliyekula akashiba.

"Karibu, Bi Shoma. Rais wako ni nani?"

Bi Shoma akasimama. Akatua mkeka wa ukindu, akaukalia.

"Kabula," akasema.

Ukingo mzima ukacheka. Nyamizi peke yake ndiye hakucheka.

"Rais Kabula hayumo kwenye kumbukumbu zangu," Bawabu akasema. "Tafadhali fafanua."

"Humwoni kwa sababu amelala. Anatawala akiwa amelala. Wenu wanatawala wakiwa macho, na mnaona mambo yalivyo."

"Una nafasi gani katika serikali yake?"

"Mkuu wa majeshi. Na mpishi, siku za sikukuu."

Nyamizi akanyakua kipaza sauti. "Mama Shoma, nakuomba. Nakupigia magoti. Sema huna upande. Hili si la utani."

Walikuwa karibu kiasi cha kuonana nyuso. Bi Shoma akamtazama usoni, kisha tumboni, na macho yake yakakaa hapo kitambo. Alikuwa ameelewa vizuri kabisa alichoombwa, tena pengine kuliko mabalozi.

"We mtumwa mdogo," akaita, "hilo tumbo umeliiba wapi? Nalitaka zima, hilo. Likiwa na hata mkwaruzo nitakudai."

Bawabu akatangaza, bila hasira, kwa sababu hakuwekewa hasira: "Upande wa tatu umetambuliwa."

Hotelini bangili za mawasiliano za mabalozi wote wawili zikatetemeka kwa pamoja. Machweo wakaamini Kabula ni mpango wa Mawio. Mawio wakaamini ni mpango wa Machweo. Kwa mara ya kwanza wakatoa amri moja.

Mkeka ukaanza kujikunja kutoka upande wa Lukweni. Nyamizi akaweka kiganja juu ya kioo, akakiondoa, akakiweka tena. Kioo kikamwandikia: Subiri wakubwa wamalize. Alikuwa ameujenga mtambo ule kwa mikono yake, msumari kwa msumari, na sasa ulimtazama kama mgeni.

Bi Shoma akajitwika mkeka wake, akageuka arudi, ukingo wa mwanga ukimfuata nyuma kama mbwa anayemkimbiza jirani. Lakini hakukimbia. Akaachia nyonga moja, akaanza kutembea mwendo wa Bi Kabula, ule wa goti bovu na majivuno mengi, akienda hivyohivyo juu ya maji, akiwapigia saluti askari waliokuwa wakimngoja. Watu wa Lukweni wakacheka hadi wakashikana. Likawa cheko la msiba, la haki kabisa, na baadhi yao walikuwa wameanza kulia vizuri.

Kisha wakaona askari wa rais wa zamani wamemshika mkono wa kulia, na askari wa rais mpya wamemshika wa kushoto, kila kundi linamvuta kwake. Mkeka wa ukindu ukaanguka mtoni. Cheko likakatika. Mwanga wa mwisho ukajikunja, na kati ya ng'ambo mbili kukabaki maji tu.

Kesho yake ndege-nyuki za madola yote mawili ziliruka kwenda Zumbwe kutafuta kambi ya Kabula. Kwa kuwa haikuwapo, zilipiga kila mahali palipofanana nayo. Moshi ulionekana toka Lukweni. Kijana mmoja nadhifu kutoka hotelini alifika msibani, akatoa pole, kisha akauliza marehemu alikuwa na msimamo gani kuhusu jiwe la buluu.

"Mama alichukia mawe yote," Nyamizi akamjibu. "Yalikuwa yanaingia kwenye mchele."

Kijana akainamisha kichwa kwa heshima na kwenda kuripoti.

Habari za Bi Shoma hazikuja. Nyamizi aliomba hotelini, akaomba serikalini kwake, akamwomba hata Bawabu. Kila mmoja alimwambia kwamba suala hilo liko kwa mwenzake. Wakamzika Bi Kabula bila mtu wa kulala kwanza ndani ya kaburi lake. Kaburi lilipofukiwa watu walisimama, hawajui waangalie wapi. Wakarudi kukaa kwenye mikeka uani, kwa kuwa matanga yalikuwa hayawezi kuanuliwa. Hakuna aliyeweza kuondoka, wala hakuna aliyejua wanangoja nini. Nyamizi alikaa ameshika tumbo kwa mikono yote miwili.

Hapo lango likafunguliwa, zikaingia roboti mbili, moja ya Mawio na moja ya Machweo, zikisukumana kidogo mlangoni. Zilikuwa zimefungwa khanga mpya, zenye mikunjo ya dukani.

"Tunaomba radhi kwa tusi linalofuata," ikasema ya kwanza. "Marehemu alikuwa mchoyo wa mboga."

"Alikuwa mchoyo sana wa mboga," ikaongeza ya pili, isishindwe.

Roboti zikangoja, shingo zimeinama upande kwa adabu.

"Tafadhali chekeni," zikasema zote mbili.

Nyamizi alikuwa amelelewa vizuri na mama yake. Akajaribu.