Matokeo ya Kata ya Nyarubungo

Siku sabuni ilipofika Biharamulo, mwaka themanini na mbili, foleni ilianzia mlangoni mwa duka la ushirika ikazunguka soko mpaka stendi ya mabasi. Adelfina alikuwa ametoroka kazini posta, alikokuwa akiunganisha simu za wilaya nzima. Alivaa gauni la bluu lenye kola nyeupe na viatu vya kuchuchumia vilivyoanza kumuumiza. Mbele yake alisimama mwanamume mrefu mwenye koti la jeshi lililopauka, ingawa jua lilikuwa kali.

Muuzaji alimpa yule mwanamume mche wa mwisho, akafunga dirisha.

"Saa mbili nzima nimesimama bure," Adelfina alisema.

Mwanamume akageuka. Akaazima kisu kwa muuza nyama, akaukata mche, akampa kipande kimoja.

"Umenipa kikubwa."

"Nina nguo chache za kufua, dada."

"Na hilo koti?"

"Hili halifuliwi. Likiguswa na maji litachanika."

Adelfina alicheka. Mwanamume hakucheka, lakini alimtazama mpaka alipomaliza.

Jina lake lilikuwa Luhende. Familia yake ilihamia Nyarubungo kutoka Shinyanga na ng'ombe wao, naye alikuwa karani wa kupima pamba. Mwaka sabini na nane alikwenda vitani Uganda na mgambo, akarudi mzima. Adelfina naye alizaliwa Nyarubungo. Baba yake alifariki akiwa mdogo, akalelewa na baba yake mdogo, mzee Pancras, na mkewe Domisiana.

Kila Luhende alipopeleka pamba Geita, alipiga simu kutoka ofisi ya kinu cha kuchambulia pamba.

"Posta Biharamulo."

"Naomba uniunganishe na mrembo wa posta."

"Hayupo, afande. Ameolewa jana."

"Na nani?"

"Na mtu anayejua kucheka."

"Basi mwambie nitajifunza, mpenzi."

Ilipokatika laini, Adelfina alibaki na vipokea sauti masikioni kwa muda, akitabasamu peke yake.

Mama yake Luhende alifariki mwezi wa tatu mwaka uliofuata. Adelfina alikwenda msibani, na jioni Luhende alimwambia jambo ambalo hakuwa amemwambia mtu.

"Nimemzika mama yangu na sikusikia kitu. Tangu nirudi niko hivi. Nasubiri uchungu uje, hauji."

"Na mimi? Kwangu unasikia nini?"

Luhende aliinuka kuwaaga wageni, na Adelfina aliondoka na swali lake.

Mwaka huohuo wa themanini na tatu, serikali ilirudisha halmashauri za wilaya zilizokuwa zimefutwa kwa miaka kumi na zaidi, na kila kata ikatakiwa kuchagua diwani. Watu waliohamia Nyarubungo walimsukuma Luhende agombee. Wenyeji walimweka mzee Pancras. Pancras alipewa alama ya jembe, Luhende nyumba.

"Mwanangu," Pancras alimwambia Adelfina, "sikukatazi kumpenda. Nakuomba tu usionekane naye mpaka kura zipigwe."

Adelfina alimweleza Luhende kwa simu.

"Sawa," Luhende alisema.

"Sawa tu?"

"Unataka niseme nini, Adelfina?"

Jumapili ya mwisho ya kampeni, mpambe mmoja wa jembe alisimama mkutanoni. "Mnataka mtu ambaye vita vimemmaliza? Mama yake amezikwa, hakutoa hata chozi. Huyo atawaonea huruma ninyi?"

Luhende alikuwa amekaa mita chache kutoka hapo. Habari ile alikuwa amemwambia mtu mmoja tu. Alisubiri hasira impande, haikupanda. Alisimama, akajipangusa vumbi, akaenda nyumbani.

Asubuhi iliyofuata siku ya kura, masanduku yote yalikuwa yamehesabiwa bomani. Ofisa wa uchaguzi alikuja posta kupeleka matokeo Bukoba kwa simu. Laini ilikuwa mbovu, na upande wa pili walisikia sauti ya Adelfina tu, si ya ofisa.

"Wasomee wewe, dada," ofisa alisema, akamkabidhi karatasi.

Adelfina alisoma kata moja baada ya nyingine, kama alivyozoea kusoma simu za maandishi za watu wengine. "Nyarubungo. Jembe, mia nne kumi na mbili. Nyumba, mia tatu tisini na tatu."

"Rudia Nyarubungo," Bukoba walisema.

Alirudia. Sauti yake haikubadilika. Kisha akasoma kata iliyofuata.

Saa tano matokeo yalitangazwa mbele ya boma. Adelfina aliona kutoka dirishani jinsi Luhende alivyompa mzee Pancras mkono, akainamisha kichwa kidogo, akaondoka kwa miguu kuelekea barabara ya Nyarubungo. Hakupita posta.

Wiki nne simu ya Geita haikumtafuta. Adelfina alikula, akaenda kazini, akaunganisha watu. Jumamosi ya tano alipanda lori la pamba kwenda Nyarubungo.

Alimkuta ghalani, anaandika uzito wa magunia. Alikuwa amekonda.

"Mimi ndiye niliyesema," Adelfina alimwambia kabla hata ya salamu. "Nilimwambia mama Domisiana. Niliogopa. Nilitaka kujua kama mtu wa namna hiyo anaweza kumpenda mtu. Sikujua litafika mkutanoni."

"Nilijua ni wewe."

"Mbona hukuniuliza?"

"Ningekuuliza kwa hasira gani? Sikuwa nayo." Luhende aliweka kalamu chini. "Udiwani sikuulilia. Lakini wiki hizi kila lori likija kutoka mjini natoka kutazama nani anashuka. Hata sasa nilitoka."

"Nilikuona."

"Basi."

Adelfina akaketi juu ya gunia. Luhende akaketi kando yake mpaka wapimaji wakaanza kumwita.

Baada ya mavuno Luhende alikwenda na mjomba wake Ndassa nyumbani kwa diwani.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaeni."

Ndassa alieleza posa iliyowaleta. Pancras alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamgeukia Luhende.

"Maneno yale ya mkutanoni yalitoka upande wangu. Sikuyatuma, wala sikuyazuia. Nisamehe. Lakini huyu ni mtoto wa marehemu kaka yangu, lazima nikuulize. Unampenda?"

Ndassa alimgusa Luhende goti, ili aseme upesi. Luhende aliuondoa mkono wa mjomba wake taratibu.

"Mzee, zamani nilijua neno hilo maana yake. Sasa sitakudanganya. Akichelewa, nasimama barabarani. Mvua ikinyesha, nasimama. Sijui kama hilo linatosha."

Jikoni, Adelfina aliacha kupepeta mchele. Domisiana alimtazama, akaupokea ungo.

Pancras akaita kuelekea jikoni, "Adelfina, njoo uketi hapa na sisi."

Adelfina alijifuta mikono kwenye khanga. Alipita mlangoni, akaenda kuketi upande wa Luhende.